Kuhusu Kuchelewa Kwangu kwa Miaka 489,957

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwa saa ya ukutani ya mjomba wangu, ambaye ni fundi saa.

Kwako Mwalimu Mkuu,

Shikamoo Mwalimu. Kabla sijaandika zaidi naahidi kukueleza kila kitu, kinachonisaidia na kisichonisaidia, kwa mpangilio kilivyotokea. Siku ya kwanza ya muhula ulituambia kwamba lalamiko lililofichwa nusu ni kama ndoo yenye tundu: unafika nyumbani na mkono uliochoka tu. Nimeyapa malalamiko yangu namba ili, ukiamua kuyakataa, uweze kuyakataa moja moja bila kuchoka.

Mimi ni yule msichana wa Kidato cha Tatu anayekaa kwenye kompyuta namba saba, karibu na dirisha lisilofungika. Wiki mbili zilizopita Mwalimu wa kompyuta alitutangazia kwamba chuo cha ufundi kimeipa shule yetu nafasi moja ya mafunzo ya likizo, wiki nne za kujifunza kuandika programu, malazi na chakula juu ya chuo. Nafasi ni moja na sisi tuko kumi na tisa. Masharti yalikuwa mawili. Uandike kwa lugha ya C programu ya kupanga zamu za usafi wa madarasa, na faili lako uwe umelihifadhi kabla ya saa nne kamili asubuhi, Ijumaa tarehe 7 Juni. Mwenye alama nyingi kati ya waliowahi ndiye atakayekwenda.

Mwalimu alisahihisha siku hiyo hiyo. Mimi nilipata tisini na moja. Aliyenifuata alipata themanini na nne, naye ni mwenzetu tunayemwita Herufi Kubwa, kwa sababu huandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Jioni ile Mwalimu alianza likizo ya uzazi. Orodha ya nani aliwahi na nani alichelewa akamwachia Makamu wako aichape Jumatatu.

Jana ikabandikwa mlangoni mwa maabara. Jina la Herufi Kubwa liko juu kabisa, na mbele yake pameandikwa 7 Juni 2024, saa 3 na dakika 58. Jina langu liko chini kabisa, limepigwa mstari mwekundu, na mbele yake pameandikwa hivi:

1 Januari 1980, saa 4294967290 na dakika 35, sekunde 14.

Pembeni, kwa kalamu ya Makamu, kuna neno moja: “Amechelewa.”

Sasa naleta malalamiko.

1. Kuhusu kiasi nilichochelewa.

Nilikwenda ofisini kwa Makamu nikapiga hodi, nikamsalimia, nikamwomba aniruhusu kuuliza kuhusu saa yangu. Aliniruhusu. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hakuna saa bilioni nne, kwamba saa zote ninazozifahamu huishia kumi na mbili, na ninazifahamu nyingi kwa kuwa naishi nazo.

Alivua miwani. “Mwanangu, saa nne na saa bilioni nne, ipi kubwa?”

“Bilioni nne, Mwalimu.”

“Na mwisho ulikuwa saa ngapi?”

“Saa nne, Mwalimu.”

“Basi tumeelewana,” akasema, akavaa miwani.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu, mara ya pili nikiweka na miaka mirefu ili nisijipendelee. Saa 4,294,967,290 ni miaka 489,957. Ukiijumlisha na 1980, faili langu lililetwa shuleni mwaka 491,937. Mjomba, ambaye wateja wake wamezoea kuambiwa “pitia kesho” mpaka wengine wamehama mji, aliiangalia ile namba akasema hajawahi kumchelewesha mtu kiasi hicho, na kwamba kama ningekuwa mteja wake angenitafutia kiti.

2. Kuhusu kuwahi kwangu.

Leo asubuhi nilirudi kwa Makamu na hoja mpya. Nilimwonyesha kwamba orodha ile ile inasema 1 Januari 1980, na siku hiyo iko miaka arobaini na minne kabla ya mwisho wa kupokea kazi. Mtu hawezi kuwa amechelewa na tarehe kama hiyo. Ameiwahi hata shule yenyewe, maana jiwe la msingi pale getini linasema 1997.

Makamu alisoma tarehe tena, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akauliza, “Tarehe moja Januari si siku ya mapumziko?”

“Ni ya mapumziko, Mwalimu.”

“Na nani alikupa ruhusa ya kuingia maabara siku ya mapumziko?”

Nikamjibu kwamba maabara ilikuwa bado haijajengwa. Akasema hilo linafanya jambo kuwa zito zaidi, akafungua daftari la nidhamu. Kwa hiyo Alhamisi nitafagia ua wa maabara kwa kosa nililofanya miaka ishirini na minane kabla sijazaliwa. Sikatai kufagia, Mwalimu. Ningependa tu ijulikane kwamba siwezi kuwa nimewahi kwa ajili ya adhabu na nimechelewa kwa ajili ya nafasi, kwa faili moja, kwa mstari mmoja wa orodha.

Jambo hili limefika mpaka nyumbani. Nilimweleza mama, kwa nia njema, kwamba kwa mujibu wa shule kazi yangu imemzidi umri kwa miaka sita, na kwamba sijui tena adabu inataka nani amwamkie nani. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisema, “Shikamoo bibi yangu. Ukishaitikia marahaba, vyombo viko pale jikoni vinakusubiri.”

3. Kuhusu namna tarehe inavyokunjwa.

Hapa naomba subira yako, kwa kuwa bila kipande hiki kosa halionekani.

Kompyuta haiandiki “Ijumaa tarehe saba”. Kompyuta ni bahili wa nafasi. Inachukua tarehe nzima inaikunja ndani ya namba moja tu yenye vijumba kumi na sita, na kila kijumba hukaa sifuri au moja, basi. Mwaka unapewa vijumba saba, mwezi vinne, siku vitano. Mwaka wenyewe unahesabiwa kuanzia 1980, hivyo mwaka sifuri ni 1980, na mwaka huu tulio nao ni arobaini na nne. Ijumaa iliyopita ikikunjwa hivyo inakuwa 22727. Wakati nao una namba yake pembeni: vijumba vitano vya saa, sita vya dakika, vitano vya sekunde.

Anayetaka kusoma hana budi kuikunjua. Anaisukuma namba kuelekea kulia mpaka kipande anachokitaka kifike ukingoni, kisha anafunika vingine vyote ili abaki na hicho kimoja. Ni kama kutoa shati kwenye sanduku alilopanga mama: kila kitu kimo ndani, ila ukivuta ovyo unatoka na soksi.

Mwalimu wetu wa kompyuta alituandikia programu ya C inayofanya kazi hiyo, na ndiyo inayochapa orodha ya mlangoni. Faili langu lilikuwa na namba mbili, 33 na 1127. Nimezikunjua kwa kalamu na karatasi mara tatu. Namba 33 ni tarehe 1 Januari 1980, barabara kabisa. Programu haikukosea tarehe. Kosa la tarehe liko mahali pengine, nami nitalifikia.

Ila kabla sijatoka hapa, naomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba vijumba vitano vya sekunde haviwezi kufika sitini. Mwisho wake ni thelathini na moja. Kwa hiyo kompyuta huhifadhi nusu ya idadi ya sekunde, na wakati wa kusoma huzidisha kwa mbili. Hakuna mtu yeyote, katika shule hii au nyingine, aliyewahi kuhifadhi faili la aina hii sekunde ya kumi na tano. Atapewa kumi na nne. Huenda nami nilipunjwa sekunde moja. Sijui kama kweli ilikuwa yangu, lakini ningependa kuulizwa.

4. Kuhusu betri.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, saizi ya kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kuikumbusha tarehe umeme unapozimwa. Betri ya namba saba ilikufa mwaka jana. Tangu hapo, kila ukiiwasha, namba saba inaamini dunia imeanza sasa hivi: ni tarehe 1 Januari 1980, saa sita kamili usiku, na inaanza kuhesabu kutoka hapo kwa uaminifu mkubwa. Namba 33 ilitoka huko. Kompyuta nyingine zilikuwa na watu, mimi nikakaa kwenye iliyobaki, kama kawaida yangu.

Mjomba ana droo nzima ya betri hizo. Muhula uliopita alinipa moja niilete shule bure. Niliipeleka kwa Makamu.

“Ina barua?” akauliza.

“Ni betri, Mwalimu.”

“Nimeona ni betri. Ina barua?”

Mjomba akaandika barua. Ilirudishwa baada ya siku mbili kwa sababu haikuwa na tarehe. Mjomba aliumia sana, maana katika mtaa wetu yeye ndiye watu humuuliza tarehe. Aliniambia, “Mpwa wangu, mtu hapewi aibu ya pili kwa msaada mmoja.” Betri iko mpaka leo kwenye droo.

5. Lalamiko dhidi yangu mwenyewe.

Hili ndilo gumu kuliandika. Ile saa bilioni nne nimeitengeneza mimi.

Utakumbuka kwamba muhula wa kwanza orodha ilikuwa inachapa saa kama zilivyo ndani ya kompyuta, kuanzia usiku wa manane, ambapo saa nne ya asubuhi huandikwa kumi. Makamu aliiona “saa 10” akaelewa saa kumi ya jioni, akawaadhibu wanafunzi sita kwa kubaki maabara mpaka jioni, na wao walikuwa humo asubuhi, tena kwenye kipindi, tena na mwalimu. Mwalimu wa kompyuta akanipa kazi ya kuifanya programu isome saa kama sisi tunavyosoma. Nikaongeza mstari mmoja:

saa = saa - 6;

Mwalimu, ni jambo tunalolifanya sote bila kufikiri. Ukiona kumi kwenye simu unasema saa nne. Ukiona saba unasema saa moja. Tangu nikiwa mdogo natoa sita, na sijawahi kuchelewa kula. Mstari ule ulifanya kazi vizuri kwa sababu maabara hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, na katika muda huo kutoa sita kunatosha. Mwalimu alinipigia makofi mbele ya darasa. Nilikumbuka makofi hayo kwa wiki nzima.

Lakini namba saba ilihifadhi faili langu ikiamini ni usiku, saa ambayo kompyuta huiita sifuri. Programu ikatoa sita kwenye sifuri. Na namba ya saa kwenye ile programu ni ya aina isiyojua kushuka chini ya sifuri. Ukiishusha, inazunguka na kutokea juu kabisa, kwenye bilioni nne na ushee.

Nilimweleza mjomba. Alishusha saa moja ukutani, akaweka mshale mfupi kwenye kumi na mbili, akaurudisha nyuma hatua sita.

“Umepata ngapi?”

“Sita.”

“Saa sita usiku. Sawa kabisa. Saa yangu nayo imezunguka, ila uso wake ni mdogo, ikizunguka haipotei. Ya kwenu ina namba ngapi usoni?”

“Bilioni nne na ushee, mjomba.”

Aliirudisha saa yake ukutani. “Kuitundika hiyo mtahitaji ukuta.”

Kwa hiyo naomba nipewe onyo la maandishi kwa mstari ule, na Herufi Kubwa awepo likisomwa, kwani alipigiwa makofi machache kuliko mimi. Ila kukosea kutoa si sawa na kuchelewa. Aliyevunja saa ya ukutani hawezi kwa sababu hiyo kuhesabiwa kwamba hakufika.

6. Kuhusu ushahidi kwamba niliwahi.

Maabara haina saa ya ukutani, kwa hiyo nategemea ukweli ulioonekana na watu.

Niliwasha namba saba saa tatu na nusu asubuhi ya Ijumaa. Hilo halina ubishi, maana kengele ya kumaliza mapumziko ilikuwa bado inalia na kidole changu kiko kwenye kitufe. Wenzangu wote waliniona. Herufi Kubwa hata alisema, “Jamani, leo mpwa wa fundi saa anashindana na saa.” Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho, kile kinachozuia mtu mmoja kupangiwa kudeki vyoo wiki mbili mfululizo, na nilitaka kikae sawa.

Niliandika bila kuinua kichwa. Nilipohifadhi, saa nne ilikuwa haijafika. Najua hivyo kwa kuwa kengele ya saa nne sikuisikia kabisa, na masikio yangu ni mazuri: nyumbani kwetu kuna saa thelathini na moja na ikisimama moja naitambua nikiwa uani. Nilipoinua kichwa maabara ilikuwa kimya na viti vimepandishwa juu ya meza. Wenzangu walikuwa wameshatoka, nadhani kwa ustaarabu, ili nimalizie kwa utulivu. Nawashukuru kupitia barua hii.

7. Maombi.

Kwa kuwa sitaki kulalamika bila kupendekeza, naomba yafuatayo, na ukiniruhusu nayapanga kuanzia dogo.

Kwanza, orodha ibanduliwe.

Pili, saa bilioni nne ama iondolewe, ama iingizwe kwenye ratiba na ipangiwe mwalimu, kwa sababu kama kuna wanafunzi wanaohesabiwa kuwa ndani yake si haki wakae bila somo.

Tatu, kama shule itashikilia kwamba nimechelewa, basi ishikilie yote. Shule imepokea faili lililoletwa mwaka 491,937. Imelipokea, imelipa alama, imelipigia mstari. Kwa hiyo mwisho halisi wa kupokea kazi hauwezi kuwa kabla ya mwaka huo, na nafasi ya mafunzo haiwezi kupewa mtu yeyote mpaka wakati huo, maana huenda wapo wengine njiani. Naomba chuo kiandikiwe kisubiri.

Nne, kama shule itashikilia kwamba nimewahi kwa miaka arobaini na minne, basi nafasi ni yangu kwa ukongwe, na naomba pia kiti kwenye mkutano wa wazazi.

Tano, niruhusiwe kuurekebisha ule mstari. Badala ya kutoa sita, programu iongeze kumi na nane, igawe kwa kumi na mbili, ichukue kinachobaki, na kikibaki sifuri iandike kumi na mbili. Kwa njia hiyo kila saa itapata mahali pake na hakuna atakayetupwa nje ya uso wa saa. Nimeujaribu kwa saa zote ishirini na nne, kwenye daftari.

Nasema kwenye daftari kwa sababu, Mwalimu, nyumbani hatuna kompyuta, na likizo namba saba hufungiwa ndani. Miezi hiyo naandika C kwenye daftari la hesabu. Ni kazi nzuri, lakini daftari halijawahi kuniambia kwamba nimekosea, na hapo ndipo ninapodumaa. Mjomba akitaka kujua saa ina nini huifungua kifuniko. Mimi nataka wiki nne za kufungua kifuniko. Nafasi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu kinachotangazwa kwenye ubao, na nimejitahidi barua nzima nisiseme hivyo mpaka hapa, ili usidhani hoja zangu zinatoka huko.

Nakutakia kazi njema na afya. Salamu zangu zimfikie katibu wako, Mwalimu wa kompyuta na mtoto wake aliyezaliwa, ambaye natumaini ameandikiwa tarehe sahihi, mpiga kengele, mlinzi wa geti, na Makamu pia, kwa heshima yote. Mjomba na mama wanakusalimu. Mama anasema nisiandike kwamba alisema shikamoo bibi, lakini nilikuwa nimeshaandika kwa wino.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Kidato cha Tatu, kompyuta namba saba.

Nyongeza. Jumatano, tarehe 12 Juni, saa mbili na robo asubuhi, maabara.

Mwalimu, niliona si vizuri kukuletea marekebisho ambayo hayajajaribiwa ila kwenye daftari, hivyo kabla ya kuleta barua nimeomba ufunguo nikayajaribu kwenye nakala ya ile programu. Yanafanya kazi. Orodha sasa inasema hivi mbele ya jina langu: 1 Januari 1980, saa 6 na dakika 35, sekunde 14.

Ni mara ya kwanza mstari huo umesomeka, na ndipo nilipousoma. Tangu Jumatatu sote tumekuwa tukiishangaa ile bilioni nne, mimi nikiwa wa kwanza, na hakuna aliyeangalia kinachoifuata. Namba saba huanza saa sita kamili usiku pale inapowashwa. Kwa hiyo zile dakika thelathini na tano si takataka. Ni muda niliokaa kwenye kiti. Niliwasha saa tatu na nusu, na nimekuthibitishia hivyo mwenyewe, kwa mashahidi.

Nimejumlisha kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha nikamwomba namba saba anijumlishie. Ni saa nne na dakika tano.

Herufi Kubwa aliingia kuchukua daftari lake nikiwa bado nimekaa. Nikamuuliza kama Ijumaa kengele ya saa nne ililia.

“Ililia,” akasema. “Hata bega nilikugusa. Ukasema, ngoja kidogo.”

Sikumbuki. Nikamuuliza mbona hakuniambia tangu Jumatatu.

“Jumatatu ulikuwa unagombana na mwaka 1980, dada. Ningeanzia wapi?”

Kisha akasema kwamba kipande changu cha zamu za vyoo kilimshinda yeye kabisa, na kwamba kama ni yeye atakayekwenda chuoni angependa nimweleze kabla hajaondoka. Nimemweleza. Alikielewa haraka.

Kwa hiyo Makamu alisema kweli, na miaka 489,957 aliyozidisha haimwondolei ukweli wake. Naondoa lalamiko la kwanza, la pili na la sita, na maombi yote isipokuwa la tano. Barua sikuichana, kwa kuwa imeshaandikwa na inaeleza lilivyokuwa. Kufagia nitafagia.

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako na nitakaa hapa mpaka kipindi cha pili. Naomba jibu la swali moja tu, hata kwa mdomo, kupitia kwa katibu wako: je, katika sheria za shule kuna msamaha wowote wa dakika tano kwa mtu ambaye, asingejihesabia mwenyewe, hakuna ambaye angezijua?